Sindano Bila Ganzi

Daktari Damas alizaliwa Burundi na kusomea udaktari Bujumbura, kisha akaja Likasi, Kongo, kufanya kazi katika kliniki ndogo karibu na machimbo. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya kwao, na wengine walimwita Mnyarwanda. Alikwishachoka kuwasahihisha. Waliopona walimshukuru, waliofiwa walimtazama vingine.

Siku shimo lilipoporomoka, wachimbaji walimleta Cédrick wakiwa wamemlaza juu ya mlango wa mbao. Kifua chake kilikuwa kimebonyea upande mmoja, pumzi inatoka na povu la damu. Damas alimtoboa kati ya mbavu kwa kisu cha upasuaji, akaingiza mrija wa mpira, damu ikamwagika mpaka kwenye viatu vyake. Haikusaidia. Cédrick alimnong'oneza kitu, akakata roho huku amelishika koti la daktari.

Damas akatoka nje kuwaambia waliomleta. Angeweza kumtuma Julie, muuguzi, mzaliwa wa palepale, lakini aliona habari ya kifo ni mzigo wa daktari mwenyewe.

"Amefariki," alisema. "Nimejaribu. Poleni sana."

Papy, kaka wa marehemu, alikuwa bado na vumbi jekundu usoni. "Miye mwenyewe nilimuleta," alisema polepole. "Alikuwa anasema. Weye umemufanya nini?"

"Alimutoboa," mtu akadakia nyuma. "Niliona kwa dirisha. Huyu mugeni alimutoboa na kisu."

Basi ikawa hivyo. Jiwe la kwanza lilimpata Damas mdomoni. Alipoanguka walimkanyaga, wakamburuta ndani, na mtu akamshushia mtalimbo mkononi. Alisikia mlio wa vidole kuvunjika kabla hajasikia maumivu. Kitanda kilipinduliwa, dirisha likavunjwa. Julie alijirusha juu ya daktari akisema watamuua mtu bure, naye akapigwa teke la mgongo.

Papy alikuwa akikitafuta hicho kisu. Alipiga ngumi kabati la dawa, kioo kikapasuka, na alipouvuta mkono wake nje damu iliruka mpaka ukutani. Akautazama kama si wake. Akaanguka sakafuni.

Wenzake walirudi nyuma. Mmoja mmoja wakatoka, mwenye mtalimbo akiwa wa kwanza.

Damas alitema jino, akatambaa mpaka kwa Papy. Alimwambia Julie akaze kitambaa juu ya kiwiko, naye akautafuta mshipa ndani ya nyama. Mkono wake wa kushoto haukufaa kitu. Julie akawa ndiye mkono huo.

"Docta, ganzi iko hapa," Julie alisema. "Chupa moja haikupasuka."

"Weka chini."

"Docta."

"Nimesema weka chini."

Akamshona hivyo hivyo, bila ganzi. Papy alipiga mayowe, akajinyonganyonga sakafuni, na Damas akamkandamiza kwa goti, akachoma tena. Aliona raha. Alijua ni raha, na hakuacha.

Mayowe yalipogeuka kilio, Papy aliuliza, "Mudogo yangu alisema nini?"

Damas aliisimamisha sindano.

"Alisema anaogopa. Akaniomba nisikuambie."

Papy alifumba macho. Damas aliendelea kumtazama, kisha akamgeukia Julie. "Leta ile ganzi."

Cédrick alizikwa kesho yake. Hakuna aliyekuja kuomba radhi, na Damas, akiwa na vidole vilivyofungwa kwenye kijiti, hakumngojea mtu. Alibandika plastiki dirishani akaendelea kupokea wagonjwa.

Papy alirudi jeraha lilipofunga. Hawakusalimiana. Damas alimwambia akunje ngumi. Vidole vitatu vilikunjika, viwili vikabaki vimenyooka.

"Vitarudi?" Papy aliuliza.

"Sijui."

Huenda kioo ndicho kilichokata ule uzi mweupe unaovuta vidole. Huenda ilikuwa sindano yake, wakati ule alipokuwa akichoma kwa hasira. Damas aliushika ule mkono muda mrefu, akiukunja na kuukunjua, na Papy hakuuondoa.