Wimbo Uliosikika Nusunusu

Sauti ilimkatika saa tisa alasiri, mbele ya watu elfu mbili waliovaa kofia pana. Nyakio alikuwa ameinua kidevu kuifuata noti ya juu, ile ambayo watu walitoka Naivasha na Nyahururu kuja kuisikia. Akafungua kinywa, na badala ya noti ukatoka mkwaruzo mkavu, kama mlango wa ghala unaoburutwa sakafuni. Akameza mate. Akajaribu tena. Hewa tupu. Mashabiki wake wakaumalizia wimbo kwa niaba yake, wakipunga mikono, na huruma yao ikamchoma kuliko ambavyo zomeo lingemchoma.

Kwa miaka kumi na saba jina la Nyakio Muiruri lilikuwa limeenea Bonde la Ufa kama umande wa alfajiri. Alianzia mtaa wa Kaptembwo, mjini Nakuru, katika kwaya ya kanisa la mabati, kisha akachukuliwa na hoteli moja ya nyama choma iliyotafuta mtu wa kuimba Jumapili mchana. Buti zake za kwanza alizitoa mitumbani, moja kubwa kuliko mwenzake. Akaijaza karatasi, akapanda jukwaani. Kufikia mwaka ambao Nakuru ilipandishwa hadhi ikawa jiji, hapakuwa na mwenye shamba kutoka Molo hadi Subukia aliyemwoza binti yake bila kuuliza kama Nyakio ana nafasi. Aliimba nyimbo za kantri za Wamarekani kwa lafudhi yao, akizipitisha puani kama wao, akililia mito ambayo hakuwahi kuivuka. Siku moja mgeni kutoka huko ng'ambo alimwuliza anatoka jimbo gani la Marekani. Swali hilo alilivaa kama nishani miaka mingi.

Daktari Adero alikikuta kivimbe kidogo kwenye nyuzi za sauti. Kikaondolewa kwa upasuaji, na baadaye daktari akavuta kiti karibu na kitanda.

"Siku ishirini na moja," alisema. "Usiongee, usiimbe, usinong'one. Kunong'ona ndiko kubaya zaidi. Ukivumilia, sauti itarudi. Itarudi ikiwa ileile? Hapo sitakudanganya."

Nyakio hakuwa na mahali pa kunyamazia mjini, kwa kuwa kila aliyemwona alimsalimu. Akapanda Elburgon kwa baba yake, kwenye baridi na ukungu, akiwa na daftari la shule lenye mistari na penseli mbili.

Mzee Muiruri alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha kupasua mbao. Msumeno ulimchukulia kidole kimoja, na kelele zake zikamziba sikio la kushoto. La kulia lilisikia ulipolisogelea. Basi wakaishi wawili hao nyumba moja, mmoja hasikii vizuri, mwingine hasemi kabisa, na daftari katikati yao kama mkalimani mzembe.

"Niandikie makubwa, mama," mzee alilalamika siku ya kwanza, akiliweka daftari mbali na macho. Alimwita mama kwa kuwa Nyakio alikuwa amepewa jina la mama mzazi wa mzee. "Hii ni kama ya daktari. Umesema unataka uji au unataka ujiti?"

Nyakio alicheka bila sauti mpaka mbavu zikamuuma.

Asubuhi walichuma pareto. Mzee alikuwa amerudia kuipanda nyuma ya nyumba, mistari kumi na miwili ya maua meupe yenye moyo wa manjano, na vidole vyake tisa vilikwenda juu ya maua hayo upesi kuliko kumi vya binti yake. Siku ya nne ukungu ulishuka mzito. Nyakio alikuwa mwisho wa mstari, amechuchumaa, asiweze kumwona baba yake hatua ishirini mbele. Ndipo alipomsikia.

Mzee alikuwa anaimba. Aliimba kwa nguvu, kama aimbavyo mtu asiyejisikia, na Nyakio aliutambua wimbo papo hapo. Ulikuwa mmoja wa zile nyimbo kongwe za Kimarekani alizokuwa akifungia maonyesho yake, wimbo wa mwanamume anayefunga mlango alfajiri, anaondoka na harudi tena. Lakini maneno hayakuwa hayo.

*Wachuka, weka chai karibu na moto,*
*mvua imeshika barabara yote,*
*mimi nitachelewa lakini nitafika,*
*utajua ni mimi kwa harufu ya mbao.*

Wachuka alikuwa mama yake Nyakio, aliyezikwa miaka tisa iliyopita kando ya ua wa miti ya misonobari.

Nyakio aliketi kwenye udongo mbichi. Kumbukumbu ikamjia pole pole, kama mtu anayebisha hodi akijua hatakaribishwa. Alipokuwa mdogo, baba yake aliimba hivi kila jioni. Kiwandani msimamizi alikuwa na redio, nayo redio ilishindana na msumeno. Mzee alizipata nyimbo hizo vipande vipande, tena kwa Kiingereza asichokijua, na pale palipobaki pengo alipaziba kwa maneno yake mwenyewe. Alipaziba kwa Kiswahili cha kiwandani, kwa sababu kiwandani palikuwa na watu wa kila kabila na wote walitaka kujua kinachoimbwa.

Kisha Nyakio akaenda sekondari. Akarudi likizo na wenzake watatu, na maneno ya wimbo ule ameyanakili kwenye karatasi. Mbele ya wageni akamkatiza baba yake. "Baba, hayo si maneno! Yule mtu anaondoka. Hakuna chai hapo." Wasichana wakacheka. Mzee naye akacheka, akasema, "Asante, mwalimu," akaenda kufunga kuku. Hakuna aliyemkataza kuimba. Ila nyumba ile haikumsikia tena, na binti yake, aliyekuja kujulikana kwa masikio yake makali, hakugundua kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano.

Ukungu ulipopasuka, mzee aligeuka akamwona binti yake amekaa chini, machozi yanamchuruzika. Akanyamaza mara moja.

"Koo inauma?"

Nyakio akatikisa kichwa kukataa. Akaandika kwa herufi kubwa: ENDELEA.

"Niendelee na nini? Na pareto?"

KUIMBA.

Mzee alilisoma neno hilo, akalirudisha daftari. "Ah. Hayo maneno yangu si ya ukweli, mama. Wewe mwenyewe ulisema."

Penseli ilisimama juu ya karatasi. Nyakio alikuwa ameshaandika sahihi yake kwenye kofia za mawaziri na mabega ya maharusi, lakini neno hili moja mkono ulilikataa. Mwishowe akaliandika: NILIKOSEA.

Mzee akalisoma herufi baada ya herufi. Akakohoa, akatazama kikapu. "Sasa tukianza kulia sote wawili," alisema, "nani atachuma hii kitu?"

Siku hiyo hakuimba tena. Ya pili yake pia hakuimba. Ya tatu aliimba, mgongo akimpa binti yake, na Nyakio akaufuata mgongo huo mstari hadi mstari, penseli mkononi. Zilikuwa beti tisa. Kulikuwa na ubeti wa Nyakio kuzaliwa wakati wa mvua ya mawe, na ubeti wa mwaka wa vurugu za kikabila, waliposhinda juma zima uwanjani pa kanisa na jirani yao Mkipsigis, wa kabila la upande wa pili, akawachungia ng'ombe. Katika kila ubeti mtu alikuwa barabarani, na katika kila ubeti alikuwa anakuja nyumbani.

Siku ya ishirini na mbili, mbele ya sahani ya viazi, Nyakio alisema neno lake la kwanza. Alikuwa amepanga liwe la maana. Likawa, "Chumvi."

Mzee aliweka kijiko chini. Hata kwa sikio lake bovu alilipata. Sauti ilikuwa imeshuka, nene na yenye mchanga ndani yake.

"Hiyo ni sauti ya mama yangu," alisema taratibu. "Mama yangu kabisa."

Nyakio hakufurahi. Alitoka nje, akaitafuta noti ya juu kama mtu anayepapasa swichi gizani. Haikuwapo.

Wiki mbili baadaye alikuwa Nakuru, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la Parminder Singh, kati ya mabomba na makopo ya rangi. Parminder alizaliwa mji huu, na baba yake pia. Alikuwa amempigia Nyakio gitaa tangu siku za nyama choma, akitelezesha kipande cha bomba juu ya nyaya mpaka zikalia kama fisi aliyeokoka. Alimsikiliza akijaribu nyimbo tatu za zamani, na mara tatu akasikia sauti ikikwama juu kama iliyogonga dari.

"Ya juu imeenda, Nyakio," alisema. "Tushushe ufunguo, uimbie chini."

"Tushushe mpaka wapi?"

"Mpaka pale uko."

Hapo ndipo alipomwimbia ubeti wa chai. Parminder aliufuata kwa gitaa, akasimama, akakuna ndevu. "Hii nilifikiri naijua. Lakini mzee wako ameipinda yote. Si ule wimbo tena, hii ni yake." Kisha akaongeza kwa uangalifu, "Turekebishe Kiswahili kidogo? 'Mvua imeshika barabara'?"

"Hata herufi moja usiguse."

Sue, mwandalizi wa tamasha la kwanza ambalo Nyakio angeimba tangu upasuaji, alikuwa na mpango wake. Alimpata Nyakio siku yenyewe nyuma ya jukwaa, katika uwanja wa maonyesho, upepo wa mlima Menengai ukipeperusha vumbi na kofia za watu.

"Fundi wa mitambo ako na rekodi zako zote," Sue alisema, akimshika kiwiko. "Wewe cheza tu mdomo. Nakuambia kama dada, hakuna mtu atajua. Ukiimba na hiyo sauti, kesho utakuwa kichekesho kwa simu ya kila mtu."

"Huenda," Nyakio akakubali. Hakuwa na ushujaa wowote. "Lakini rekodi ya wimbo ninaouimba leo haipo."

Alisimama mbele ya kipaza sauti. Mzee Muiruri alikuwa mstari wa kwanza, amevaa koti la kanisani. Parminder akatelezesha bomba lake. Nyakio hakuinua kidevu. Alilianza neno "Wachuka" chini kabisa, mahali asipowahi kuimbia, na akasikia minong'ono ikipita uwanjani kama upepo kwenye ngano. Kijana mmoja akapiga mluzi. Mtu akauliza kwa sauti, "Huyu ni Nyakio kweli?" Yeye akaendelea. Ubeti wa pili ulipokwisha, mluzi ulikuwa umekoma.

Katika ubeti wa tatu, mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchemsha aliitua ndoo yake. Aliinua uso na kuitikia ubeti wa chai, uliokuwa ukirudiwa kama kiitikio, kwa sauti pana, lakini pahali pa Wachuka akaweka Kipkorir. *Kipkorir, weka chai karibu na moto.* Alifunga macho alipolitaja jina hilo. Ni yeye tu aliyejua kama Kipkorir alikuwa nyumbani, mtaa wa Rhonda, akimngoja, au mbali kuliko hapo. Nyuma yake mwanamume akaweka jina la mkewe. Msichana akaweka jina la nyanya yake. Majina yakazidi, yakapandana, na mengine yakaja na mistari yake yenyewe, ya barabara nyingine na mvua nyingine, kwa lugha ambazo Nyakio alizijua na asizozijua.

Mzee Muiruri aligeuza sikio lake la kulia kuelekea umati.

Parminder alimtupia Nyakio jicho, kumwuliza kama wamalize. Nyakio akatikisa kichwa kukataa. Alirudi nyuma hatua moja kutoka kwenye kipaza sauti, akasikiliza, akitafuta mwanya wa kuingia.