Paipu ya Breki za Nyuma

Saa mbili asubuhi pedali ya breki ilizama hadi sakafuni, na chini ya pikapu, karibu na gurudumu la nyuma, pakatokea doa la mafuta ya breki. Paipu ya chuma ya breki za nyuma, yenye umri sawa na pikapu yenyewe, ilikuwa imeliwa na kutu. Mchana huo mwenye pikapu, fundi friji, alitakiwa kumteremsha mkewe mlimani hadi hospitali, akatolewe plasta mguuni.

Hakubabaika. Paipu ya shaba ya kazi zake za friji alikuwa nayo, msokoto mzima. Shemeji yake, dada wa mkewe ambaye ni fundi wa magari, alipofika na sanduku lake la vifaa, alikuta paipu ya shaba imeshakunjwa, kila kona sawa na ile ya zamani.

Aliigeuzageuza. "Shemeji, mkono unao. Hata mimi sikunji vizuri hivi."

"Basi tufunge."

"Kafunge kwenye friji. Hapa unambeba mdogo wangu."

"Friji nayo ina presha, usinidharau!"

"Ya breki inaizidi mara nyingi. Tena friji imetulia jikoni, gari linatetemeka safari nzima." Akampa kipande kilichobaki. "Kunja, nyoosha. Rudia."

Shaba ilitii mwanzoni, kisha ikakaza, ikagoma, ikapasuka. Tabia hiyo aliijua kazini kwake. Chini ya gari hakuwa ameifikiria.

Shemeji akatoa paipu nyingine sandukuni, ya aloi ya shaba na nikeli. "Hii imetengenezwa kwa ajili ya breki. Haishiki kutu, na inakunjika kwa mkono. Hata ya chuma yenye kinga ingefaa, ila kuikunja tungetoka jasho. Wewe kunja, mimi nitatengeneza midomo."

Kila ncha aliipanua, kisha akaikunja kwa ndani, ukuta ukawa maradufu pale nati itakapobana. Mdomo wa kwanza aliuinua kwenye mwanga, akaukata.

"Mbona ulikuwa mzuri?"

"Umekaa upande."

Fundi friji alikiokota kile kipande, akakikodolea macho, na kweli, upande mmoja ulikuwa mpana zaidi, kiasi cha unywele. Akakitia mfukoni kwa heshima.

"Nyie, daktari hangoji!" mkewe alipaza sauti kutoka barazani.

"Atangoja! Umeshavunja mguu mmoja, tunautunza wa pili!" dada yake akamjibu.

Walipomaliza kuifunga paipu, kujaza mafuta ya breki na kutoa hewa iliyobaki ndani, fundi friji aliikandamiza pedali kwa nguvu zake zote huku shemeji, chali chini ya gari, akipitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo. Ilitoka kavu. Kwake hilo lilitosha. Kwa shemeji halikutosha: aliendesha pikapu tupu uwanjani, kisha kwenye kilima kifupi, akarudi kupitisha karatasi nyingine.

"Sasa mpakie," alisema.

Saa tisa, mbele ya lango la hospitali, fundi friji alikanyaga breki, na pikapu ikasimama.