Kiti cha Baba Asiyekuja

Haya yote ni kweli kabisa, na anayebisha akamuulize Mama Viti mwenyewe. Ila asimuulize sana. Mimi nimestaafu, kudanganya kutaniongezea nini?

Mama Viti ndiye mshauri wa kwanza katika mji wetu aliyekataa kumsikiliza mtu peke yake. Ukimpelekea mtoto mtukutu, anakwambia, "Rudi nyumbani, uje na wengine wote." Daktari wa ghorofa ya chini alimcheka, eti kafungua ukumbi wa ugomvi. Mwaka haujaisha, foleni ilishuka ngazi, ikavuka barabara, magari yakasimama. Na wazo la viti nilimpa mimi: kila mmoja wa familia na kiti chake, asiyekuja chake kibaki kitupu, aambiwe yote hivyo hivyo.

Kazi yangu pale? Tuseme msaidizi. Haya, nilikuwa mfagizi. Na viti nilivipanga tu, wazo lilikuwa lake.

Siku moja akaja fundi cherehani, mama kijana, kamshika mkono binti yake wa miaka mitatu. Baba mzazi wa huyo fundi hakuwa amesema naye tangu aolewe na mtu ambaye baba hakumtaka. Mjukuu hamjui hata sura. Mtoto akaachwa ukumbini na karatasi za kuchorachora, mama yake akaketishwa mbele ya kiti kitupu.

"Siwezi kuongea na mbao," akasema.

Mama Viti akaniita. "Mzee, weka ufagio. Keti pale uwe baba yake. Na usifungue mdomo! Mwenye maneno ni yeye."

Nikaketi. Yule fundi akasema, akalia, akasema tena. "Baba, nichukie mimi. Mtoto kakukosea nini?" Mara simu ikalia chumba cha pili, Mama Viti akatoka kidogo. Leo wanafunzi wake wa ushauri wanakatazwa kutoka chumbani hata simu ilie vipi. Sasa mmejua kwa nini.

Mdomo wangu ukafunguka.

"Mwanangu, baba yako namfahamu. Tunanyolewa kwa kinyozi mmoja. Kila akikaa kitini anakutaja wewe. Anaona haya tu kuanza."

"Kweli, mjomba?"

"Kweli tupu, naapa. Mpelekee mtoto, atampokea."

Alivyonitazama! Hata siku ya harusi yangu sikutazamwa hivyo. Mama Viti aliporudi akamkuta anacheka, akadhani ni kazi ya viti. Nami nikachukua ufagio wangu, nikaendelea kufagia.

Jumatatu yule fundi akarudi, macho yamevimba. Jumamosi alikuwa amemvisha mtoto gauni jipya, kalishona mwenyewe, wakaenda kwa babu. Baba akachungulia dirishani, akavuta pazia. Walisimama langoni mpaka mtoto akaomba maji, jirani ndiye aliyewapa.

"Sasa mbona mzee aliniambia baba ananitaja kwa kinyozi?"

Mama Viti akageuka polepole. Nilikuwa mlangoni.

"Kinyozi gani, mzee?"

"Yule wa... yule wa pale kwenye kona..."

"Wewe una upara tangu nikujue."

Nilitamani sakafu inimeze.

"Keti," akasema. "Si kama baba yake. Kama wewe."

Nikaketi. "Baba yako simjui. Sijawahi hata kumwona. Nilitunga."

"Kwa nini?" fundi akauliza.

Nilikuwa na majibu saba, yote matamu. Nikayameza. "Nilipenda ulivyonitazama."

Mama Viti alimwomba radhi kwa kutoka chumbani. Mimi nikaomba yangu, ikatoka kama kikohozi. Yule fundi akaenda mlangoni, akamwita mwanawe.

"Mwambie na huyu. Tangu Jumamosi ananiuliza babu atafungua lini."

Mtoto akaja na karatasi yake, akasimama mbele yangu. Nikapiga magoti. Nikamwambia babu hakusema atafungua, kwamba ni mimi niliyesema, na nilisema uongo. Ilibidi nirudie, maana mara ya kwanza niliiambia karatasi yake.