Kufuli la Chumba cha Pasi

Asubuhi walipofika kazini, wapiga pasi wa hoteli waliikuta sakafu ya chumba chao imefura kati ya meza mbili. Uvimbe ulikuwa wa ukubwa wa beseni lililofunikwa, na ufa wake ulitoa mvuke wenye harufu ya mayai viza. Mpiga pasi mkongwe, ambaye wenzake walimwita Mama Kola, alitandaza foronya juu yake. Ikanyooka yenyewe. Wifi yake akasema leo umeme nao umepata likizo, na kazi ikaendelea.

Meneja alikuja, akatazama, akatoka, akafunga mlango kwa kufuli kama kawaida. Tangu mashuka mawili yalipopotea, wapiga pasi walifungiwa ndani asubuhi wakafunguliwa jioni. Mama Kola alishauzoea mlango ule. Lakini wifi yake alikuwa mgeni, na ni Mama Kola aliyemtafutia kazi na kumwahidi kaka yake, mume wa wifi huyo, kwamba atamwangalia. Joto lilipopanda, alianza kulitazama kufuli kwa jicho jingine.

Uvimbe ulipofika magotini ukawa na shimo la kasoko juu, hoteli ilimwita mtaalamu wa volkeno, mama mmoja mpole mwenye miwani. Alieleza kwamba chini huko mwamba umeyeyuka ukawa rojo, na ukiyeyuka huwa mwepesi kuliko mwamba unaouzunguka, ndiyo maana unapanda. Ndani yake mna gesi. Rojo likiwa jepesi, gesi hutoka na lava hutiririka taratibu. Likiwa zito, gesi hunaswa, ikajikusanya mpaka ikalipuka.

"Hili ni zito," alisema. "Ufa msiuzibe. Na mlango uacheni wazi."

Meneja alimshukuru sana. Kesho yake alileta mafundi, wakauziba ufa kwa zege, maana majivu yaliyotoka humo yalikuwa yanachafua mashuka. Mama Kola alipomwomba ufunguo, alijibiwa kwamba likitokea lolote wagonge tu, ofisi si iko hapo hapo. Moyo wake ulikataa.

"Wifi, nawe unaogopa kichuguu?" wifi yake alimtania.

Siku ya mlipuko kilima kilikaa kimya asubuhi nzima. Mchana zege liliruka likatoboa paa, mawe na majivu yakafuata. Wapiga pasi walipanda juu ya meza wakatokea kwenye tundu. Mama Kola aligeuka, akashusha mkono kumvuta wifi yake, akamwona yuko mlangoni anagonga.

"Subiri, wifi," yule wa mlangoni alisema. "Anakuja na ufunguo."

Lava ilifika kabla ya meneja. Yeye alikuwa kikaoni.

Wifi alizikwa. Kazi zilipoanza tena, wapiga pasi walimkuta wifi huyo huyo amesimama ndani ya mlango, majivu nyweleni, macho kwenye kitasa. Walimsalimu, akaitikia. Mama Kola alimpangusa majivu huku machozi yakimtoka, akamwambia kwamba mumewe anamsalimu, kisha akaenda kuwasha pasi. Paa lilikuwa limeshatiwa bati jipya, na lava iliyoganda imesuguliwa ikawa meza nzuri ya kukunjia mashuka.

Tangu hapo, kila asubuhi, wote wakishaingia, meneja huja na ufunguo wake.

"Samahani, dada," humwambia kwa adabu. "Sogea kidogo nifunge."