Kivuli cha Mkungu Uliokatwa

Alfajiri, kabla ya adhana, mfuniko wa mtungi uligonga ukingoni. Mama mkwe wake Nasra alikuwa akichota maji ya baridi kumjazia chupa. Aliizungushia kitambaa kibichi, akaiweka juu ya kiti, ili mwenye mimba ya miezi saba asiiname.

Nasra alishona sare za shule huko Mabawa, katika chumba cha bati chenye cherehani tatu na dirisha moja. Dirisha lilikuwa limepigiliwa mbao tangu Bwana Zubeiri, mwenye kazi, alipoukata mti wa mkungu uliokuwa nje na kujenga palepale stoo ya marobota, ikaegemea ukuta. Wiki iliyopita Nasra alizimia akishona sketi. Mkunga alimwambia kwamba akizidi kupikwa na joto, mtoto atakuja kabla ya siku zake. Bwana Zubeiri si mtu mbaya. Alimnunulia soda, akamwita Badru seremala aje aisogeze stoo na kulifungua dirisha.

Asubuhi hiyo Badru alifika na nyundo. Kabla hajang'oa msumari wa kwanza, kivuli cha mkungu nacho kikafika.

Kiliingia kwa mlango, kipana, majani yake yakitikisika, kikajitandaza juu ya cherehani zote. Chumba kikapoa. Bi Mastura, mkubwa wa mafundi, alisimamisha mashine yake.

"Shikamoo," alisema, kisha akasita. "Sijui nakusalimu sawa? Mti wenyewe tuliukuta. Basi shikamoo."

Akakiwekea glasi ya maji sakafuni. Mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajanywa.

Bwana Zubeiri alinyoosha mkono, akaupapasa ule ubaridi.

"Badru, nenda zako nyumbani, ndugu yangu. Joto limekwisha. Stoo ikae."

Badru akaitia nyundo kwenye mfuko wake, akaaga.

Nasra hakujua ashukuru au alie. Mwili wake ulikuwa unapoa, dirisha lilikuwa linabaki limefungwa, na yote mawili yameletwa na mgeni yuleyule.

Kivuli kilifuata jua, kama zamani. Baada ya adhuhuri kilivuka chumba, kikamlalia Bwana Zubeiri mezani kwake, naye akasinzia. Upande wa mafundi bati likaanza kuwaka. Bi Mastura na Loveness, binti wa cherehani ya tatu, waliinyanyua cherehani ya Nasra bila kuambiwa, wakaisogeza hadi ikagusa meza ya tajiri. Wao wakarudi kwenye joto.

"Kinampoza aliyekikata," Nasra alinong'ona jioni. "Kwa nini, Bi Mastura?"

"Mie sijui, mwanangu. Labda hakimjui."

"Kisimjue?" Loveness akacheka. "Shoka si alilishika mwenyewe!"

Siku ya tatu Loveness alianza tena. "Mgeni siku mbili. Leo tukipe jembe."

"Jembe gani tena?" Bi Mastura alimjibu. "Hiki tangu kiingie hakijakaa bure."

Mchana ule Bwana Zubeiri aliamka, akaiona cherehani imebana meza yake. Akaagiza irudi mahali pake, maana wateja hawana pa kupita. Nasra akajikaza.

"Basi Badru aje, Bwana Zubeiri. Mchana huku kwetu hakukaliki. Dirisha tu."

"Nasra, mwanangu," alijibu kwa upole, "mgeni yumo ndani, sisi tunagonga nyundo na kubomoa? Si atadhani tunamfukuza?"

Nasra alirudi kwenye joto, akashona, jasho likidondokea kola.

Alasiri kivuli kiliinuka kuondoka. Nasra alikisindikiza mpaka mlangoni. Maneno alikuwa ameshayapanga: kisije tena, ili Badru arudi na nyundo yake. Akafungua mdomo. Ubaridi ukampita tumboni, na mtoto, aliyekuwa akihangaika tangu adhuhuri, akatulia.

"Kesho uje tena," Nasra alisema. "Uje mapema, tafadhali."