Vilima Vitatu vya Gauni Jeupe

Mama wa bibi harusi alikuwa ameshairudisha video mara mbili. Mara hii alipiga simu bila hata salamu.

"Mwanangu umemfanya maiti! Watu wote buluu, utadhani wametolewa kwenye friji. Ikifika saa kumi bado hivi, naipeleka kwa fundi mwingine, na wote watajua kwa nini."

Bi Mikasi, aliyepewa jina hilo kwa miaka ishirini ya kukata na kuunga video za watu, aliweka simu chini akakikodolea macho kioo cha kompyuta. Buluu gani? Yeye aliliona gauni jeupe pee.

"Wifi, hebu njoo," alimwita dada wa mumewe, aliyekuwa akipokea wateja mlangoni. "Hili gauni rangi gani?"

"Unataka ukweli au amani ya nyumba?"

"Sema, wewe!"

"Buluu. Nilidhani ndiyo mitindo yenu ya kisasa."

Ilimchoma. Alijivunia jicho lake miaka yote. Ile histogramu, mchoro wa kupima rangi za picha pembeni mwa programu, aliiona pambo tu. Sasa akaivuta karibu. Vilima vitatu: chekundu, cha kijani, cha buluu, giza kushoto, mwanga kulia. Akaipunguza picha mpaka likabaki gauni tupu. Kitu cheupe, hilo walau alilijua, vilima vyake hulaliana. Hapa viwili vilikaa pamoja, na cha buluu kimekimbilia kulia peke yake kama mtu aliyenuna.

"Basi hii programu inadanganya."

"Imekula njama na mimi na mama wa bibi harusi?" wifi akacheka.

Bi Mikasi akakirudisha kilima cha buluu polepole, hadi vyote vitatu vikapandana. Kwake gauni likageuka rangi ya chai.

"Hapo hapo!" wifi akapiga makofi. "Jeupe!"

Bi Mikasi akasogea karibu na kioo. Kisha akafunika jicho la kushoto. Akafunika la kulia. Akarudia.

"Ajabu! Hili linaona chai ya rangi. Hili, chai ya maziwa."

"Marehemu mama yako si alikuwa na mtoto wa jicho?"

"Alikuwa nao ugonjwa huo." Akavuta pumzi. "Kumbe njano imo machoni mwangu, nami naifuta kwa kuwamwagia watu buluu."

Saa kumi ilikuwa inakaribia. Kipande baada ya kipande akatafuta kitu cheupe, shati, kitambaa cha meza, akavilaza vilima pamoja, huku macho yake yakimpigia kelele kwamba anaharibu. Akaituma hivyo hivyo.

Simu ikalia. "Sasa huyu ndiye mwanangu! Kwani mwanzo ulikuwa unaangalia nini?"

"Nilikuwa naangalia kwa macho, mama."

Wifi alikuwa ameshachukua mkoba, ampeleke kwa daktari wa macho.

"Ningoje kidogo," alisema Bi Mikasi. Alikuwa anafungua harusi ya mwaka juzi, anatafuta gauni, aone kile kilima kilianza kuhama lini.