Mkebe wa Shemeji

Kila asubuhi Nakaale ndiye aliyewapikia chai wagonjwa wa kifua katika kituo chao nje ya mji wa Isiolo, vibanda vichache ndani ya ua wa miiba. Ilikuwa strungi tupu, kwa kuwa maziwa ya unga ya msaada yaliishia dukani kwa Diwani Lokwang. Walikinywea kikombe kimoja, kikipita mkono kwa mkono, na mgeni ndiye aliyeanza. Nje ya ua ule hakuna aliyekubali kugusa kikombe chao.

Diwani huyo alikuwa shemeji yake. Mumewe alipozikwa, Lokwang alichukua mbuzi wote, na Nakaale alipoanza kukohoa, akamtundikia mkebe kwenye ua wa boma lake.

"Chakula yako itawekwa humo. Kwa nyumba usiingie."

Watoto wake mwenyewe walimtazama akila nje kama mbwa. Kituoni alipokewa na Raho, mama wa Kisomali, aliyekinywea kikombe palepale midomo ya Nakaale ilipogusa. Nakaale alilia kwa furaha. Lakini mkebe aliokuja nao hakuutupa. Aliulalia miaka mitatu.

Kiangazi cha themanini na nne, Diwani aliletwa mlangoni amekonda, kitambaa chake kina damu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

"Shemeji," alisema, "nimekuja kwenu."

"Karibu. Kaa hapo hapo nje."

Akautoa mkebe, akamimina chai, akautundika kwenye miiba.

"Nakaale, wallahi usifanye hivyo," Raho alimsihi. "Huyu sasa ni mgonjwa yetu."

"Yenu. Si yangu."

Diwani alichungulia ndani ya mkebe. "Haina maziwa?"

"Maziwa iko kwa duka yako."

Wagonjwa walicheka hadi wakakohoa. Diwani alikunywa, na Nakaale akamtazama mpaka tone la mwisho. Kulipiza kulikuwa kutamu, tusidanganyane. Raho peke yake hakucheka.

Kesho yake Landrova ya serikali ilikuja kumpeleka Diwani Nairobi. Dresa, mhudumu wa dawa pale kituoni, akapakia na sanduku la sindano za wagonjwa.

"Hiyo dawa ni yetu!" Nakaale alifoka.

"Mheshimiwa ana safari mrefu. Nyinyi mtangoja ingine."

Wakangoja. Raho alianza tena kutema damu, na sindano hazikuja.

Ndipo akatokea mama mmoja kutoka Gotu, mtoto mgongoni, yeye mwenyewe kifua kikimkoroma. Nakaale alikurupuka kufuata kikombe. Mgeni! Aanze yeye, kama desturi.

Aliporudi nacho kikifuka moshi, yule mama hakuwa ameingia. Alikuwa ameuona mkebe pale kwenye miiba, ambao hakuna aliyekumbuka kuuteremsha. Kwao pia ulikuwepo mkebe kama huo. Aliutungua, akakaa chini nje ya mlango bila kuambiwa, akaupangusa vumbi kwa kanga, akamnyooshea Nakaale.

"Nitilie humu," alisema.